Alichekwa na Nani?



Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa bado kwenye madawati ya shule ya sekondari, mwalimu wa Kiingereza alitaka kila mmoja wetu asimame na kutoa sentensi moja katika kauli ya kutendwa. Wengi wetu tulijificha nyuma ya sentensi za kitabu: barua iliandikwa, mlango ulifungwa, panya aliliwa na paka. Zamu ikamfikia msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Alisimama, akatulia kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: “I was died by my father last year.” Darasa zima likaangua kicheko. Msichana akaketi. Hatukumsikia tena akinena neno la Kiingereza mpaka mwaka wa masomo ulipokwisha.

Baadhi yetu tulijua kwamba baba yake alikuwa amefariki kweli. Tulicheka hata hivyo.

Leo tunairudia sentensi ile kwa sababu tunaendelea kuisikia, yenyewe au ndugu zake, katika vikundi vyetu hapa Katanika, wadogo zetu wanapokuja jioni na madaftari yao kujiandaa kwa mitihani. Na maoni yetu ni haya: makosa mengi ya wanafunzi wetu katika kauli ya kutendwa ya Kiingereza hayatokani na ujinga wala uvivu. Ni alama za lugha ambazo mwanafunzi anazijua tayari, na anazijua vizuri. Anayeyacheka anacheka elimu asiyoitambua, na mara nyingi anamfunga mdomo mtu aliyekuwa karibu kufika.

Tutazame kwanza mzigo anaoubeba mwanafunzi wa Kalemie. Nyumbani huenda anasikia Kitabwa, Kiluba au Kiholoholo kinywani mwa bibi yake. Sokoni, bandarini na parokiani anasema Kiswahili. Akiingia shuleni anakutana na Kifaransa, ambacho Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kuwa lugha rasmi, huku ikikihesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba. Kiingereza kinafika mwishoni mwa msafara, kwa saa chache kila juma. Wala hakiwezi kupuuzwa. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ng’ambo ya ziwa, Kigoma, kijana wa rika lenu anasoma sekondari yake yote kwa Kiingereza. Mtoto wetu basi haanzi safari hii mikono mitupu. Anaianza akiwa na lugha mbili au tatu kichwani, na kila moja ina njia yake ya kusema kwamba mtu ametendwa jambo.

Kiswahili kinajenga kauli ya kutendwa ndani ya neno moja. Katika neno “iliandikwa” mna vipande vitano: i- ya barua, -li- ya wakati uliopita, -andik- ya kitendo, -w- ya kutendwa, na -a ya kumalizia. Kiingereza kinazigawa kazi hizohizo kati ya maneno mawili. Kinasema “was written”: neno la kwanza linabeba kazi ya -li-, la pili linabeba kazi ya -andik- na -w- kwa pamoja. Mwanafunzi aliyezoea neno moja anaona maneno mawili kuwa ni ziada, naye anaandika “The letter written by Maria.” Ametoa kitendo, ametoa na kutendwa, lakini amesahau wakati. Ni kama mtu angesema “baruaandikwa” na kusubiri tumwelewe.

Kosa hili huzaa pia vichekesho visivyokusudiwa. Vitenzi vya kawaida vya Kiingereza vina umbo moja kwa wakati uliopita na kwa kutendwa. Kwa hiyo anayeandika “The plates washed yesterday” amesema kwamba sahani ziliosha jana, bila kutuambia ziliosha nini. Mwingine anakumbuka neno la kwanza lakini anakosea safu. Sote tulikariri zile safu tatu za vitenzi vigeuzi, “write, wrote, written”, tukiziimba kama watoto wa shule ya msingi wanavyoimba hesabu. Ajabu ni kwamba tulifundishwa kuziimba kabla ya kuambiwa ni za nini. Matokeo yake ni “The letter was wrote.” Safu ya pili ni ya mtenda aliyetenda jana, kauli ya kutendwa inadai safu ya tatu daima.

Laiti tungaliwekewa mapema lugha hizi mbili bega kwa bega! “Inaandikwa” ni “is written”. “Iliandikwa” ni “was written”. “Itaandikwa” ni “will be written”. “Imeandikwa” ni “has been written”. Katika Kiswahili hubadilika silabi ya katikati tu, na -w- inabaki mahali pake. Katika Kiingereza hubadilika maneno yanayotangulia, na “written” inabaki mahali pake. Mtoto anayejua kutofautisha “ina” na “ili” na “ita” amekwisha kuelewa nusu ya somo. Kinachobaki ni kumwonyesha nguo mpya ambayo elimu yake imevaa.

Sasa turudi kwa msichana wa dirishani. Kiswahili kina uwezo ambao Kiingereza hakina. Kitenzi “kufa” ni cha mtu mmoja: anayekufa anakufa peke yake, wala hamfi mwingine. Lakini sisi tunaweza kukirefusha kikawa “kufia”, na kutoka hapo tukapata “kufiwa”, neno linalomtazama aliyebaki hai na kulitaja pigo lake. “Nilifiwa na baba” ni sentensi kamili na yenye heshima. Vivyo hivyo mvua hunyesha, nasi hunyeshewa. Kiingereza hakiwezi kuvipa vitenzi kama “die” na “rain” kauli ya kutendwa kwa namna hii, kwa sababu hakiruhusu kauli hiyo pasipo na mtu au kitu kinachopokea kitendo moja kwa moja. Msichana yule alifanya kazi sahihi kwa mashine isiyo sahihi. Aliondoa “nili”, akaweka “I was”. Akaondoa “na”, akaweka “by”. Wala hakusahau wakati. Katika darasa lile, huenda ndiye pekee aliyekuwa akijenga sentensi yake mwenyewe. Sisi wengine tulikuwa tunakariri.

Mfano wa pili tunausikia kila mara: “I was stolen my phone.” Chanzo chake ni “niliibiwa simu”. Kiswahili kinatofautisha “kuibwa”, ambalo ni la kitu kilichochukuliwa, na “kuibiwa”, ambalo ni la mtu aliyepokonywa kitu chake. Kitenzi “steal” kinajua la kwanza tu. Asemaye “I was stolen” anampa msikilizaji hofu kwamba yeye mwenyewe alitekwa nyara. Kwa kuibiwa, Kiingereza kina kitenzi kingine: “I was robbed”. Ama atasema kwamba simu iliibwa: “My phone was stolen.” Akiisha kuona kwamba Kiswahili kina maneno mawili, na kwamba Kiingereza nacho kina mawili ila hayatokani na mzizi mmoja, mwanafunzi hatarudia kosa hilo kwa urahisi.

Kifaransa nacho kina mitego yake. Tunasema “Je suis né à Kalemie”, na kutoka hapo wengi wanaandika “I am born in Kalemie.” Kiingereza kinataka “I was born”. Tazameni jinsi Kiswahili kilivyokuwa na jibu tangu mwanzo: “nilizaliwa”, yenye -li- ya wakati uliopita na -w- ya kutendwa. Bibi asiyejua neno moja la Kiingereza angeweza kumsahihisha mjukuu wake hapa. Tena Kifaransa husema “il est arrivé”, na mwanafunzi, akiona umbo linalofanana na kauli ya kutendwa, anaandika “He is arrived.” Lakini hapo hakuna aliyetendwa lolote, mtu amefika tu kwa miguu yake.

Kuna na zawadi nyingine ambayo Kiswahili kinatupa na Kifaransa kinatunyima. Sisi husema “nilipewa kitabu na mwalimu”, na aliyepewa anakaa mwanzoni mwa sentensi. Kiingereza kinakubali vilevile: “I was given a book by the teacher.” Kifaransa sanifu hakiruhusu, nacho kinatulazimisha kuanza na kitabu au na mtoaji. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kifaransa anaogopa “I was given” na kudhani ni kosa, kumbe njia ilikuwa wazi upande wa Kiswahili. Kwa upande mwingine, neno letu “na” lina kazi nyingi mno. Ni la kuunganisha, ni la kuwa pamoja, tena ni la kumtaja mtenda. Ndiyo maana wengine huandika kwamba mti ulikatwa “with Petro”, kana kwamba Petro alikatwa pamoja na mti. Hapo Kifaransa ndicho kinachosaidia: palipo na “par” weka “by”, palipo na “avec” weka “with”. Mti ulikatwa na Petro kwa shoka: “by Petro with an axe”. Lugha tatu zikikaa meza moja, kila moja inalipa deni la mwenzake.

Haya si mawazo yetu peke yetu. Mwaka 1967 mtaalamu wa isimu Pit Corder aliandika makala juu ya maana ya makosa ya anayejifunza lugha. Alitofautisha kuteleza kwa ulimi, ambako mwenyewe hukusahihisha papo hapo, na kosa linalorudi kwa utaratibu. Kosa la namna hii ya pili, alieleza, linamwonyesha mwalimu mahali mwanafunzi alipofika, linamwonyesha mtafiti jinsi lugha inavyojengeka akilini, na linamsaidia mwanafunzi mwenyewe, kwani kwa njia hiyo anazipima kanuni alizojiwekea. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, Larry Selinker alionyesha kwamba anayejifunza hujenga lugha ya katikati, yenye utaratibu wake, ambayo si ile aliyotoka nayo wala si ile anayoiendea. “I was died by my father” ni sentensi ya lugha hiyo ya katikati. Ni daraja lililojengwa kutoka upande mmoja, likiwa bado halijagusa ng’ambo.

Tunajua kuna watakaotupinga. Watasema kwamba mtihani wa taifa hauulizi chanzo cha kosa, na kwamba huruma haimpi mwanafunzi alama. Wana haki katika jambo moja: kosa ni kosa, na asiyelisahihisha hampendi mwanafunzi wake. Hatuombi makosa yabatizwe yawe sahihi. Tunaomba yasahihishwe pamoja na sababu yake. Kalamu nyekundu inayofuta “was died” bila maelezo inamfundisha mtoto jambo moja tu, yaani asithubutu tena. Neno moja la maelezo, kwamba Kiswahili kinaweza kusema “kufiwa” na Kiingereza hakiwezi, lingemfundisha kanuni atakayoitumia kwa vitenzi vingi.

Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina nafasi katika somo la Kiingereza, kwamba kukitaja ni kurudi nyuma. Kwao tunajibu kwamba Kiswahili kimo darasani tayari, ndani ya kila kichwa, kiwe kimealikwa au hakikualikwa. Hata sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa vyombo vya kufundishia na kujifunzia. Na tukumbuke historia ya mwambao wetu. Mapadri Weupe waliofika Mpala mwaka 1885, kusini mwa mji wetu, walikuwa wageni waliolazimika kujifunza lugha za wenyeji. Hatuwezi kuamini kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekosea ngeli. Kama babu zetu wangaliwacheka mpaka wakanyamaza, pasingalikuwa na mazungumzo.

Liko jambo la mwisho, nalo si la mtihani. Kauli ya kutendwa ina tabia ya pekee: inaruhusu mtenda asitajwe. Kiingereza kinaruhusu, Kifaransa kinaruhusu, na Kiswahili kinaruhusu maradufu, kwa kuwa tuna pia kauli ya kutendeka. Kila mama analijua hili. Mtoto anakuja mlangoni na kusema: “Mama, kikombe kimevunjika.” Naye mama anauliza: “Kimevunjika chenyewe?” Wakubwa nao hufanya vivyo hivyo. Mwezi Januari mwaka 1987 Rais Ronald Reagan wa Marekani, akilihutubia bunge kuhusu kashfa ya kuiuzia Iran silaha, alisema kwamba makosa makubwa yalifanywa. Kisarufi, sentensi yake ilikuwa haina dosari: neno la wakati lilikuwapo, na safu ya tatu ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtenda.

Sisi wa Katanika tuna sababu ya kulitafakari jambo hili. Wakati wa machafuko yaliyolikumba jimbo letu la Tanganyika katika miaka ya 2016 na 2017, maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao, na kambi zikasimama hapa kwetu. Jina walilopewa kwa Kiingereza, “displaced”, ni neno la safu ya tatu: watu waliohamishwa. Habari za vita huandikwa hivyo: nyumba zilichomwa, mashamba yaliharibiwa, watoto walitenganishwa na wazazi. Hatusemi kwamba kauli hii ni mbaya. Ina wema wake, kwani inamweka mbele aliyeumia na kutufanya tumtazame yeye kwanza, kama vile “kufiwa” linavyomtazama aliyebaki. Lakini inatuachia swali ambalo mtu mwaminifu hapaswi kulikwepa: na nani? Kijana anayejifunza kuuliza “by whom?” katika daftari la Kiingereza anajifunza kuuliza “na nani?” anaposikia kwamba fedha za kikundi zilitumika, kwamba uamuzi ulifanywa, au kwamba mwenzake alitukanwa. Hata toba haianzi kwa kusema kwamba dhambi ilitendwa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo machache, hasa ninyi mnaowasaidia wadogo katika vikundi vyenu. Mkiketi na sentensi ya Kiingereza, iandikeni ubaoni pamoja na ndugu yake wa Kiswahili na wa Kifaransa, na muulize pamoja zinapatana wapi na zinaachana wapi. Mtafuteni anayepokea kitendo kabla ya kugeuza kitenzi. Asipokuwapo, kauli ya kutendwa haifai. Mwenzenu akikosea, kwanza mwambieni mmeelewa alichotaka kusema, kisha mpeni umbo lililo sahihi na sababu yake. Na pasiwe na kicheko. Ziwa letu hufundisha hivyo: anayejifunza kupiga kasia huzungusha mtumbwi mahali pamoja mara nyingi kabla haujaenda mbele, na wavuvi wenye busara humwonyesha namna ya kushika.

Sentensi ya msichana yule ingeweza kusahihishwa kwa utulivu kabisa. “My father died last year”: baba ndiye anayetangulia, na kauli ni ya kutenda. Tena, kama mmoja wetu angalijua, angalimwambia kwamba Kiingereza nacho kina neno la safu ya tatu kwa ajili ya mtu kama yeye, “bereaved”, aliyefikwa na msiba. Neno alilolitafuta lilikuwako. Hakukuwa na aliyempa, kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka.

Kwa miaka mingi tumekisimulia kisa hiki tukisema kwamba alichekwa. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini mtenda hayumo. Tuimalize basi inavyostahili, katika kauli ya kutenda: sisi tulimcheka. Na popote alipo leo, tunamwomba radhi.